Odessa Fulcher Burrus, Aliyefukia Mifereji ya Matairi (1949–2023)

Tunayemsindikiza leo, Odessa Fulcher Burrus, alizaliwa nyumbani kwao, chumba cha nyuma, Ijumaa tarehe 11 Machi 1949, katika kijiji chetu cha Gannet Bight, visiwa vya nje vya Karolina ya Kaskazini. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Elwood Fulcher, mvuvi wa nyavu za ufukweni, na mkewe Lula. Mkunga alichelewa kufika kwa sababu gari lililomleta lilizama mchangani karibu na ghala la samaki, ikabidi wanaume wanne walichimbue kwa sepetu. Odessa alipenda kusema kwamba kazi yake ilimtangulia duniani. Mwaka 1953 akazaliwa mdogo wake wa pekee, Lindell, ambaye mtamsikia tena mbele, kwa mazuri na kwa mengine.

Alisoma shule ya kijijini, vyumba vitatu na jiko moja la makaa, kuanzia 1955 hadi 1963, kisha sekondari ya kisiwa hadi Mei 1967. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Mama yake alitunza ripoti moja ambayo mwalimu aliandika hivi: "Odessa analijua jibu, lakini hulitoa baada ya kuuliza swali lina faida gani." Tabia hiyo hakuiacha.

Alipotoka shuleni alipakia samaki kwenye barafu kwa miaka tisa, akisimama kwenye maji baridi na buti za baba yake. Mwezi Septemba 1976, kwenye mnada wa bara, alinunua gari chakavu la jeshi lenye winchi ya kuvutia mizigo mbele. Mnadishaji alimcheka. Odessa alimwambia, "Cheka tu, bwana, ila na lile tairi la akiba liingie kwenye bei hiyo hiyo." Likaingia. Kuanzia mwaka huo hadi 2018 yeye ndiye aliyevuta kila gari lililokwama kati ya Njia ya Nne, pale magari yanaposhukia ufukweni, na ile ncha ya mchanga tunayoiita Ncha tu, ambako samaki wekundu hupita karibu na watu hutoka majimbo sita kuja kuwavua.

Hakuwa mtu rahisi, na wasifu huu hautamfanya awe mtu rahisi leo kwa kuwa hawezi kubisha. Daktari mmoja wa upasuaji kutoka mjini alikwama pale na gari jipya, matairi yamejaa upepo kama ya barabarani, na maji yanapanda. Odessa akafika, akazima injini, akakaa.

"Bei gani, mama?" daktari akauliza.

Akamtajia.

"Hiyo ni ghali mno."

"Hiyo ni bei ya maji yakiwa pale," Odessa akasema, akionyesha kwa kidole. "Endelea kuniuliza, yatafika hapa, na bei yake ni nyingine."

Daktari alilipa. Alirudi kila vuli kwa miaka ishirini, na kila mara alipita kwanza uani kwa Odessa kupunguza upepo wa matairi huku akisimamiwa kama mtoto anayenawa mikono.

Kwa wageni wa namna hiyo Odessa alikuwa na adabu tatu za ufukweni. Punguza upepo kabla ya mchanga. Usimpite aliyekwama. Na ya tatu, aliyoiandika kwa rangi nyeupe kwenye ubao pale Njia ya Nne: FUATA NJIA YA ALIYEKUTANGULIA. Maana yake ni kwamba ukikuta mifereji ya matairi, tia matairi yako humo humo, usichimbue mchanga mpya. Sisi sote tulijifunza kuendesha kwa ubao huo. Mtu aliyejikatia njia yake mwenyewe alionekana hana malezi.

Jumamosi tarehe 14 Oktoba 1972 aliolewa na Harlan Burrus katika kanisa letu la Methodisti. Harlan alikuwa mpole na mzito wa kusema, na watu walidhani Odessa atammeza. Hakummeza. Harlan alikuwa na neno moja, "Tutaona," na kwa neno hilo alishinda nusu ya mabishano ya nyumba ile. Walijaliwa watoto wawili, Marvelle na Thad. Harlan alifariki Februari 2001. Odessa alivaa koti la mvua la mumewe hadi mikono ilipotoboka, na hakuna aliyethubutu kumnunulia jingine.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi wenu mliokaa hapa mnalijua, na ambalo baadhi yenu mngependa lirukwe. Odessa mwenyewe alisema lisirukwe.

Kitwitwi wa hapa kwetu ni ndege mdogo, rangi ya mchanga mkavu. Hajengi kiota. Hukwangua kitundu kwenye mchanga mtupu na kuweka mayai manne, palepale magari yanapopita. Kinda lake likianguliwa halisubiri kulishwa. Siku hiyohiyo hushuka lenyewe hadi ukingo wa maji kutafuta chakula, likiwa na ukubwa wa kizibo cha chupa kilichosimikwa kwenye njiti mbili za kibiriti. Ndege hawa walikuwa wamebaki wachache sana, na sheria ilisema lazima walindwe. Ofisi ya ndege ikaja na vijiti na kamba, ikazungushia viota. Palipokuwa na makinda, ikafunga ufukwe mita elfu moja kila upande, ikaacha upenyo tu ukingoni mwa maji. Kiangazi cha 2010 kikatukuta hivi: Ncha imezungukwa, na njia pekee ya kuifikia ni ujia mwembamba kati ya kamba na maji. Ujia ukifungwa, wavuvi hawaji. Wavuvi wasipokuja, duka la chambo la Lindell, vyumba vya wageni na meza za chakula havina mtu. Msimu wetu ni wiki kumi na mbili. Wiki nne zikienda, mwaka umekwenda.

Msichana aliyelinda viota aliitwa Signe Haugland, mwenyeji wa Minnesota, umri miaka ishirini na sita. Alitembea na darubini shingoni kuanzia alfajiri. Kijiji kilimwita binti wa ndege, na hakikumwita hivyo kwa upendo. Odessa hakumtukana, ila alimwambia siku ya kwanza, "Mwanangu, ukikwama nitakuvuta kama mtu mwingine yeyote. Na utalipa kama mtu mwingine yeyote."

Jumamosi tarehe 19 Juni 2010, kama saa moja asubuhi, Odessa aliitwa kuvuta pikapu ya baba mmoja na wanawe, iliyozama mbele kidogo ya kamba. Alipita kwenye ujia uliokuwa wazi kihalali. Alitia matairi yake kwenye mifereji aliyoikuta, kwa adabu aliyoifundisha kijiji kizima. Akaivuta pikapu, akageuza. Wakati wa kurudi akamwona kitwitwi mkubwa mbele ya gari, akijiburuta chini na kutandaza bawa kama lililovunjika. Odessa alizaliwa ufukweni. Alijua kwamba ndege akijifanya mgonjwa hivyo, ana kitu anachokificha. Akasimama, akashuka.

Makinda mawili yalikuwa ndani ya mfereji wa tairi lake la kushoto. La tatu lilikuwa hai, hatua sita mbele, ndani ya mfereji uleule. Alipolisogelea halikuruka nje. Lilikimbia mbele, likajaribu kupanda ukingo, mchanga ukaporomoka, likarudi chini, kisha likajilaza kimya kama jiwe. Alisimama pale akiliangalia likijaribu mara tatu.

Hakuna mtu aliyeona. Wenye pikapu walikuwa wameshakwenda zao. Makinda hupotea kila siku. Kaa huyala, shakwe huyala, na binti wa ndege angeandika kaa, mambo yakaisha. Lakini kanuni ilikuwa bayana, nasi sote tulikuwa tumeisoma ukutani posta: kinda likiuawa na gari, ujia unafungwa hadi kinda la mwisho liruke. Akinyamaza, kijiji kinakula. Akisema, kijiji kinafunga milango, na duka la kwanza kufunga ni la ndugu yake wa tumbo moja.

Odessa aliliinua lile lililo hai, akaliweka juu ya mchanga sawa, likakimbilia kwa mama yake. Yale mawili akayafunga kwenye karatasi ya mkate wake. Kisha akaendesha hadi kwa Signe na kuliweka furushi juu ya boneti.

"Ni mimi," akasema. "Saa moja na robo. Tairi la kushoto mbele."

Signe alifungua, akafunga. Kisha akauliza, "Kwa nini unaniambia, Bi Odessa? Mimi ningeandika kaa."

"Najua ungeandika kaa. Kaa hana winchi." Akavua glavu. "Andika jina langu lote, usikosee herufi. Ukimaliza, njoo nikuonyeshe kitu, maana ninyi na sisi tumekuwa tukigombania kitu kisicho chenyewe."

Akampeleka kwenye mfereji. Akamwambia apige magoti, atie mkono. Kina chake kilimfika Signe juu ya kifundo cha mkono.

"Ujia huu ni mpana kutosha gari na ndege," Odessa akasema. "Lililowaua ni shimo hili. Wanashuka kwenda kula, wanatumbukia, hawawezi kutoka, na mimi nimeandika ubao wa kumwambia kila dereva duniani apite humu humu. Miaka thelathini."

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Leo sitaki kitu. Leo funga. Ila kesho nitakuja kutaka."

Ujia ulifungwa mchana uleule, na ulifungwa siku ishirini na nane.

Jioni Lindell alimngoja dukani, amesimama nyuma ya sanduku la chambo la barafu ambalo halingenunuliwa.

"Dada, nani alikuona?"

"Hakuna."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna, Lindell."

"Basi umetufungia mlango wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kwa ajili ya ndege wawili ambao hata supu hawatoshi."

"Hawatoshi supu, kweli."

"Harlan angekuwa hai angekuuliza kama una akili."

"Harlan angesema tutaona," Odessa akajibu. "Ndugu yangu, sikiliza. Tukidanganya mara moja, siku yoyote tutakayosema tunaweza kupita bila kuua, watatuamini kwa lipi? Neno langu ndilo mtaji nilio nao. Sina kingine cha kupelekea sokoni."

"Kapeleke basi," Lindell akasema. "Mimi sokoni kwako siji."

Hakusema naye miezi kumi na minne. Kanisani walikaa benchi moja kwa sababu benchi lilikuwa la mama yao, mkoba wa Odessa ukiwa katikati. Wengine walifanya zaidi. Mtu mmoja wa hapa, ambaye yumo humu ndani leo na anajijua, aliiacha pikapu yake ikamezwa na maji kuliko kumpigia Odessa simu. Siku ya pili alimwita auvute mzoga. Odessa alikuja, akauvuta, na akamtoza bei ya kuvuta gari zima. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mwenye pikapu hakuiomba.

Tarehe 4 Novemba 2010 alikwenda ofisi ya ndege akiwa na Signe upande mmoja na Thad upande wa pili. Hakupeleka machozi. Alipeleka kipande cha nguzo ya simu, mita nne, kilichofungwa minyororo ncha zote mbili, akakilaza uani kwao. Masharti yake yalikuwa haya. Magari yapite mara moja tu kwa siku, saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa hadi saa mbili baada yake. Yapite kwa msafara, si zaidi ya kumi, mwendo wa mtu anayetembea, na mtu huyo atembee mbele akitazama chini. Gari la mwisho ni lake, linaburuta gogo hilo, linafukia kila mfereji hadi mchanga uwe sawa kama meza. Asiyetaka msafara abaki barabarani.

Mkubwa wa ofisi alimuuliza, "Na kinda likifa tena?"

"Nitalileta tena juu ya boneti. Mnajua kwamba nitalileta."

Mkubwa akamtazama Signe. Signe akasema, "Atalileta."

Walijadiliana hadi saa ya chakula ikapita. Ofisi ilitaka magari sita; Odessa alikuwa na kumi mdomoni na manane mfukoni, akaondoka na manane. Wapenda ndege wakamwandika gazetini kuwa anauza viumbe wa Mungu kwa wavuvi. Wavuvi wakasema ameuza ufukwe wa babu zao kwa ndege. Alipoulizwa mlangoni mwa posta, alisema, "Upande mmoja ukinishukuru, nitajua nimepunjwa."

Msimu wa 2011 ukaanza. Ule ubao wa Njia ya Nne aliuchukua nyumbani, akaupiga rangi upya, akaandika: SUBIRI MSAFARA. Alimwambia Marvelle kwamba hakuna kitu kigumu kama kufuta adabu uliyoifundisha mwenyewe, kwa sababu watu wema ndio wanaoishika zaidi. Kiangazi kile kilifungua ujia siku thelathini na nne ambazo zamani zingekuwa za kufungwa. Viota viwili, makinda saba. Matatu yaliliwa na kaa na shakwe, na Signe aliona kwa macho yake. Manne yaliruka. Hakuna hata moja lililokufa kwenye tairi.

Mwezi Agosti mwaka huo, msafara ukijipanga, Lindell alifika na pikapu yake, akajipanga nyuma kabisa. Odessa akashuka, akaenda dirishani kwake.

"Umejaza upepo mwingi," akamwambia.

"Najua kupunguza upepo."

"Basi punguza."

Lindell akashuka akapunguza. Huo ndio upatanisho wao wote, na wanaotaka zaidi ya hapo hawawajui watu wa Fulcher. Lakini alipomaliza hakurudi kwenye usukani. Alikwenda kuangalia jinsi mnyororo ulivyofungwa kwenye gogo, akasema umefungwa vibaya, akaufunga upya.

Mwaka 2018 madaktari walithibitisha kuwa Odessa ana ugonjwa wa kutetemeka. Alikuwa ameshaujua kwa mwaka mzima, tangu siku ndoano ya winchi ilipomponyoka mara mbili mbele ya mteja, na mteja akajifanya hakuona. Tarehe 30 Septemba 2018 alivuta gari la mwisho. Funguo alimpa Thad, gogo alimpa Lindell. Hakuna aliyeulizwa kama anataka. Kutoka hapo alikaa barazani na darubini ya zamani aliyoachiwa na Signe, akihesabu msafara. Ukizidi magari manane alipiga simu dukani kabla gari la tisa halijagusa mchanga. Alikula vizuri hadi mwisho: samaki wa kuchemsha na viazi na mafuta ya nguruwe, na keki ya tini, ambayo daktari alikataza na Marvelle akaileta.

Majira ya baridi yaliyopita mapafu yalidhoofika. Alipata nimonia mwezi Mei, akakaa hospitali ya bara siku kumi na moja, akaomba kurudishwa nyumbani na akarudishwa. Alfajiri ya Ijumaa tarehe 9 Juni 2023, saa kumi na moja na nusu, alifariki kitandani mwake, Marvelle akiwa amemshika mkono ambao, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano, ulikuwa umetulia. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne, miezi miwili na siku ishirini na tisa.

Baadhi yenu mliovuka kwa feri ya asubuhi mmeuliza kwa nini mazishi yamewekwa saa tisa alasiri, na joto hili. Familia ilipanga saa tano. Mchungaji alikubali, feri zilikuwa sawa, kadi zilikuwa zinakwenda mtamboni kuchapwa. Ni Lindell aliyekataa. Alisimama jikoni kwa marehemu, kofia mkononi, akasema leo maji yanakupwa saa nne, kuna makinda matatu chini ya Njia ya Nne tangu Jumapili, na saa tano yeye atakuwa bado anaburuta gogo.

Mmoja wa vijana akamwambia, "Mjomba, siku moja tu. Nani atajua?"

Lindell akamgeukia. "Kaa chini," akamwambia. "Atazikwa mchanga ukishakuwa sawa."

Basi ndivyo ilivyo. Leo magari manane yamepita na manane yamerudi. Mifereji imefukiwa saa sita na dakika ishirini. Lindell amefika hapa akiwa na mchanga kwenye suruali, na hakuna haja ya mtu kumwambia ajikung'ute.

Odessa Fulcher Burrus ameacha binti, Marvelle Burrus Tillett, na mumewe Gaines. Mwana, Thad Burrus, na mkewe Renata. Wajukuu watano, Harlan, Josie, Elwood, Pruett na Lula. Kitukuu mmoja, Wilder, mwenye miezi minne. Mdogo wake, Lindell Fulcher. Na rafiki yake Signe Haugland, aliyesafiri siku mbili kutoka Minnesota, ambaye familia imemwomba akae benchi la mbele, upande wa ndugu. Alitanguliwa na wazazi wake na mumewe, na atalazwa kushoto kwa Harlan, kama walivyopatana.

Mungu aliyempa kazi ngumu na ampe sasa usingizi mwepesi. Lala salama, Odessa.